Matapeli wanaojifanya mafundi wa kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanajirudia sana, mtu anauliza leo, kesho mwingine anakuja na hilohilo, na bahati mbaya wengi wanauliza wakiwa wameshalipa. Kama onyo liko kwenye skrini yako sasa hivi ruka uende swali la pili, mengine utasoma ukishatulia.

Huu utapeli unafanyaje kazi?

Mtu anakuaminisha kwamba kompyuta yako ina tatizo ambalo haina, alafu anakuuzia dawa ya hilo tatizo. Ndo hivyo tu. Kinachobadilika ni mlango anaopitia: anaweza kukupigia simu, anaweza kukurushia onyo kwenye skrini ukiwa unaangalia mpira kwenye saiti za bure, anaweza kukutumia imeili yenye risiti ya kitu ambacho hujanunua, au analipia tangazo ili ukitafuta msaada umkute yeye wa kwanza. Sio mchezo mdogo, mwaka 2023 watu walioripoti FBI kule Marekani walisema wamepoteza zaidi ya dola milioni 900 kwa staili hii, na walioumia zaidi ni wenye miaka 60 kwenda juu. Hao ni waliosema, wengine wananyamaza kwa aibu.

Kama hutaki kusoma ukurasa mzima jiulize kitu kimoja tu, nani alianza? Kama wewe hukumtafuta mtu na yeye ndo kakufuata na habari kwamba kompyuta yako inaumwa, huyo ni tapeli, hata awe na sauti nzuri namna gani.

Onyo limejaa skrini nzima, linapiga kelele, linasema nisizime na kuna namba ya kupiga. Nifanyeje?

Usipige hiyo namba. Punguza sauti kwanza, manake yale makelele na ile sauti inayorudiarudia kwamba kompyuta imefungwa kwa usalama wako vimewekwa makusudi ili usipate nafasi ya kufikiri.

Unachokiona hapo ni ukurasa wa intaneti tu, ila umepanuliwa ukafunika skrini yote mpaka ile sehemu ya juu yenye anwani na alama ya kufungia haionekani, na wengine wanaficha mpaka mshale wa mausi ili uone kompyuta imeganda. Haijaganda. Shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde kadhaa, mara nyingi ukurasa unarudi saizi yake na hapo unaona kumbe juu kuna anwani ndefu ya ajabuajabu isiyohusiana na Microsoft wala Apple. Funga hiyo tabu ya brauza. Usibonyeze chochote ndani ya ukurasa wenyewe, hata ile X iliyopo kwenye kiboksi cha onyo, kwa sababu X yenyewe ni picha wameichora na ukiigusa ndo unawapa ruhusa ya kupanua tena ukurasa.

Ikigoma, bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Bado inagoma? Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja zinafungua Task Manager, tafuta brauza yako kwenye orodha, iwe Chrome, Edge au Firefox, ichague alafu ilazimishe kufunga. Kwenye Mac ni Command, Option na Esc. Vyote vikishindikana shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime yenyewe.

Sasa hapa ndo wengi wanajirudisha walikotoka: ukifungua brauza tena inakuuliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi. Kataa. Ukikubali onyo linarudi vilevile na utaapa kwamba kompyuta ina virusi kweli. Kwa wenye Safari, shikilia Shift wakati unaifungua, zile kurasa za mwanzo hazirudi.

Si wameandika kwamba nikizima mafaili yote yanafutwa?

Uongo. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo huo. Unachoweza kupoteza ni kazi ambayo hukuisevu kabla ya kuzima, basi.

Mbona onyo limetaja IP yangu, mji niliopo na mpaka kampuni ya intaneti ninayotumia?

Kila saiti unayofungua inaiona IP yako, yaani namba ya muunganiko wako wa intaneti, la sivyo isingejua ikutumie wapi ukurasa uliouomba. Kwenye IP mtu anapata jina la kampuni ya intaneti na mji wa kukisia, ndo maana saa zingine mji unakosewa kabisa, na brauza yenyewe inajitaja kwamba iko kwenye Windows au Mac. Kwahiyo hawajaingia kwako, wanakusomea tu vitu ambavyo hata saiti ya hali ya hewa inavijua.

Nitajuaje onyo la kweli na la uongo?

Tafuta namba ya simu. Microsoft wenyewe wanasema wazi kwamba meseji zao za makosa na maonyo huwa hazina namba ya simu hata siku moja. Antivirusi ya kweli ikikamata kitu inakutajia faili gani na imelifanya nini, alafu inanyamaza, haikwambii upige simu ndani ya dakika tano na haina kile kisaa cha kuhesabu kurudi nyuma.

Aliyenipigia alinielekeza nikafungua kitu kwenye kompyuta yangu mwenyewe nikaona makosa mekundu kibao. Sasa huo ni uongo vipi wakati nimeona kwa macho?

Hili ndo swali zuri kuliko yote, kwa sababu hapo ndo watu wenye akili zao timamu wanapokamatwa. Ulichoona ni cha kweli, maana yake ndo ya uongo.

Anachopenda kukufungulisha ni Event Viewer. Hiyo ni programu ya Windows inayorekodi kila kitu kinachotokea ndani ya mashine, ni kama daftari la mlinzi wa geti anayeandika mpaka paka akipita. Huduma fulani ilichelewa kuwaka sekunde kadhaa, inaandikwa. Printa haikujibu, inaandikwa na alama nyekundu. Kompyuta nzima kabisa iliyotoka kwenye boksi juzi ukiifungulia Event Viewer utakuta alama nyekundu na njano za kutosha, kuna moja inaitwa DistributedCOM namba 10016 ambayo iko karibu kila Windows 10 na Microsoft wameshaandika kwamba mtu aipuuze tu. Tapeli anakwambia uhesabu, moja, mbili, tatu, mpaka jasho likutoke, na kila namba unayotaja anavuta pumzi kama daktari mwenye habari mbaya.

Mchezo wa pili ni wa namba ya siri ya kompyuta. Anakwambia: mimi nina namba ya leseni ya mashine yako, andika kwanza, nitakuthibitishia kwamba natoka kampuni. Anakusomea 888DCA60 na tarakimu nyingine ndefu zinazofuata, alafu anakuelekeza ufungue ile skrini nyeusi ya komandi uandike assoc na kubonyeza Enter, maandishi yanapita weeee, na karibu na mwisho unaikuta ile namba herufi kwa herufi. Mtu lazima aamini. Kumbe hiyo namba ni ileile kwenye kompyuta zote za Windows duniani, inahusika na ile kazi ya kutuma mafaili kwenye folda ya zip, haina uhusiano wowote na leseni yako wala na wewe.

Alafu kuna komandi ya netstat, inayoonyesha kompyuta imeunganishwa na nini kwenye intaneti, hapo kuna safu imeandikwa Foreign Address na jamaa anakwambia unaona, hao ni wageni kutoka nje wako ndani ya mashine yako! Hao wageni ni brauza yako na programu zinazojiapdeti. Na komandi ya tree inayoorodhesha mafolda kwa muda mrefu, yeye akiwa ameshaingia kwenye mashine anachapa maneno kwa chini wakati orodha bado inakimbia, ikiisha unakuta imeandikwa virusi wamepatikana, unadhani kompyuta ndo imesema, kumbe kaandika yeye kwa mkono wake.

Alijua jina langu, na namba iliyonipigia ilikuwa inaonyesha jina la kampuni.

Jina na namba yako vimeshavuja sehemu nyingi na vinauzwa kwa bei ya chini sana. Na namba inayotokea kwenye simu inaweza kugushiwa, kwahiyo isikupe imani. Kama una wasiwasi kwamba huenda ni wao kweli, kata, tafuta namba mwenyewe kwenye saiti rasmi ya kampuni au kwenye karatasi zilizokuja na kifaa, alafu upige wewe. Mtu halali hawezi kugomba kwa sababu umekata.

Microsoft au Apple hawapigi simu kabisa?

Hawakupigii kama hujawaomba. Hakuna mtu amekaa mahali anaangalia kompyuta yako ya nyumbani ina virusi wangapi, hiyo kazi haipo.

Mimi sikupigiwa, nilitafuta mwenyewe namba ya msaada kwenye Google, nikapiga, nikaliwa. Hapo je?

Hapo umekutana na tangazo. Mtu anasachi namba ya msaada ya printa au ya antivirusi, ile ya kwanza juu inaonekana kama ndo yenyewe, kumbe imelipiwa. Tatizo lilikuwa kubwa mpaka Bing, mtambo wa kusachi wa Microsoft, mwaka 2016 wakapiga marufuku matangazo ya msaada wa kompyuta wa kampuni za pembeni, na Google wakabana mwaka 2018, ila matapeli hawakosi upenyo. Wengine wanaweka namba zao kwenye sehemu za watu kuulizana, kwenye video, kwenye ramani, popote panaposachiwa. Njia salama inachosha kidogo lakini ndo ipo: andika anwani ya kampuni mwenyewe juu kwenye brauza, ingia, tafuta sehemu ya msaada ndani ya saiti yao.

AnyDesk na TeamViewer ni virusi?

Hapana, ni programu halali za mtu wa mbali kuona na kuendesha kompyuta yako, mafundi wa maofisini wanazitumia kila siku. Windows ina ya kwake inaitwa Quick Assist, ukibonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Q inafunguka, na matapeli wanaipenda kwa sababu mara nyingi hakuna cha kudaunlodi. Zile tarakimu unazomsomea kwenye simu ni ufunguo. Ukishampa, yeye ndo yuko kwenye kiti chako, anaona paswedi zilizosevika kwenye brauza, anaona imeili, na akitaka anaifanya skrini yako iwe nyeusi aendelee na mambo yake huku anakwambia anasafisha.

Wanasema wanataka kunirudishia pesa. Mtu anayenipa pesa anaweza kuwa tapeli?

Anaweza, na huyu ndo mbaya kuliko wote. Inaanza na imeili: asante kwa kurinyuu huduma yako ya antivirusi ya Norton au McAfee, au ya mafundi wa Geek Squad, umekatwa dola mia tatu na kitu, kama sio wewe piga namba hii tuikanseli. Angalia ilivyo, haina linki wala faili la virusi, kwahiyo inapita vizuri tu kwenye vichujio vya spam, silaha yao ni hiyo namba peke yake. Unapiga ukiwa na hasira, anapokea kijana mpole, anakubali kosa haraka, anakuomba uweke AnyDesk ili akujazie fomu ya kurudishiwa.

Anakwambia ufungue akaunti ya benki uone pesa ikiingia. Skrini inakuwa nyeusi kidogo. Ikirudi unakuta badala ya 300 zimeingia 30,000. Jamaa anaanza kulia kwenye simu, bosi atanifukuza, nina watoto, tafadhali nirudishie zilizozidi. Na wewe kwa kuwa ni mwaminifu unarudisha, kwa pesa zako. Hakuna kilichoingia. Ama kahamisha hela zako mwenyewe kutoka akaunti yako ya akiba kwenda ile nyingine, ama kabadilisha tarakimu zinazoonekana kwenye ukurasa, kitu ambacho brauza yoyote inakuruhusu kwa kubonyeza F12 na ukirifreshi ukurasa namba ya kweli inarudi. Ndo maana atakukataza kurifreshi.

Kuna toleo lingine ambalo FBI walilitolea tahadhari mwaka 2023, linakuja kwa watu watatu. Wa kwanza ni fundi, anakwambia umedukuliwa na anakuomba ufungue akaunti zako akague, kumbe anachagua yenye hela nyingi. Wa pili anajifanya ni wa benki, hela zako ziko hatarini, zihamishie kwenye akaunti salama. Ukisita anakuja wa tatu mtu wa serikali, na barua yenye nembo. Akaunti salama ya namna hiyo haipo duniani.

Kwanini wanataka kadi za zawadi?

Kadi ya zawadi ni kadi ya dukani yenye salio ulilolipia kabisa, kwahiyo ukishamsomea zile tarakimu za nyuma ya kadi hela imeondoka, haina jina, hairudi. Wanataka pia kripto, zile sarafu za kwenye mtandao kama Bitcoin, na siku hizi wengine wanataka noti taslimu mtu anakuja kuzichukua mlangoni. Hakuna kampuni ya kompyuta inayolipwa kwa kadi za zawadi. Na ukisikia kaa kwenye simu mpaka ufike dukani, na mhudumu akikuuliza mwambie ni za ndugu yako, jua umefika mwisho wa utapeli wenyewe.

Kila saa kona ya chini kulia inatokea meseji kwamba kompyuta ina virusi watano. Antivirusi haioni kitu.

Haioni kwa sababu hamna virusi, ni notifikesheni za saiti uliyoiruhusu bila kujua. Ile ya bonyeza Allow kuthibitisha wewe sio roboti, ndo hiyo. Nenda kwenye setingi za brauza, sehemu ya faragha na ruhusa za saiti, fungua notifikesheni, futa majina yote usiyoyajua. Mimi ningefuta yote kabisa, sijawahi kuona mtu aliyeteseka kwa kukosa notifikesheni za saiti.

Nimeshamruhusu akaingia kwenye kompyuta. Nianzie wapi?

Chomoa intaneti kwanza, zima Wi-Fi au toa waya, muunganiko unakatika hapohapo. Alafu chukua kifaa kingine, simu ama kompyuta ya mtu, ubadilishe paswedi za imeili na benki ukiwa huko, usibadilishe kwenye mashine aliyoingia maana kama kaacha kitu kinachosoma kibodi unampa na hizo mpya. Imeili ndo ianze, kwa sababu aliye na imeili yako anaweza kubadilisha paswedi za vingine vyote. Angalia pia kwenye setingi za imeili kama hajaweka kanuni ya kumfowadia meseji zako. Piga benki.

Kompyuta yenyewe sasa. Ondoa programu ya rimoti aliyokuwekea, na usiridhike na moja tu, wengi wanaacha ya pili kama ScreenConnect inayojiwasha kimyakimya kila ukiwasha mashine. Skani kwa antivirusi. Lakini kama alikaa ndani muda mrefu au skrini ilikuwa nyeusi na hujui alifanya nini, ushauri wangu ni kubakapu picha na nyaraka alafu upige Windows upya. Inachukua mchana mzima ila unalala usingizi.

Kwenye mashine za zamani ukikuta inaomba paswedi usiyoijua kabla hata Windows haijafunguka, huyo alitumia syskey, kifaa cha Windows ambacho matapeli walikuwa wanafungia kompyuta za watu waliogoma kulipa. Microsoft walikiondoa mwaka 2017.

Nimelipa. Hela zinarudi?

Inategemea na ulilipaje na umewahi kiasi gani. Kwa kadi ya benki una nafasi nzuri, piga leo ueleze kwamba ni utapeli, waombe wapinge hayo malipo na wakupe kadi mpya. Uhamisho wa benki saa zingine unazuilika ukiwahi. Kadi za zawadi, piga kwa kampuni iliyozitoa ukiwa na kadi na risiti mkononi, mara chache wanawahi kufunga salio. Kripto sahau, kusema ukweli. Ripoti polisi pia, benki nyingi zinataka hiyo karatasi.

Na jiandae, baada ya wiki au miezi atakupigia mtu anasema ni wakili au mpelelezi, anaweza kukurudishia hela zako ukimlipa ada kidogo. Ni walewale. Jina lako liko kwenye orodha ya watu wanaolipa na hizo orodha zinauzwa.

Kwahiyo mafundi wenye maduka na kampuni zinazojulikana ndo salama?

Salama zaidi, sio salama kabisa. Mwaka 2019 maduka ya Office Depot na kampuni ya msaada wa kompyuta ya Support.com, zote za Marekani, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza kesi, ilidaiwa kwamba kipimo chao cha bure cha kompyuta kilikuwa kinatoa jibu la dalili za virusi kwa sababu tu mteja kaweka tiki kwenye moja ya maswali manne ya mwanzo, mfano kama mashine inaenda taratibu, bila kujali skani yenyewe imeona nini. Kwahiyo kipimo cha bure kinachoishia kwenye bili kikaguliwe kwa jicho baya popote kilipo. Mwombe fundi akuonyeshe jina la faili au la hicho kirusi, alafu ulisachi mwenyewe ukiwa nyumbani.

Wazazi wangu ni wazee na wanatumia kompyuta peke yao. Niwasaidieje?

Usiwape mhadhara, wape makubaliano: onyo lolote likitokea wanafunga kifuniko cha laptop na wanakupigia wewe kwanza, hata saa nane usiku, hata kama ni kitu cha kijinga. Na ukipigiwa kwa kitu cha kijinga usicheke wala usipandishe sauti, ukicheka mara moja siku ya kweli hawakupigii. Wawekee kizuia matangazo kwenye brauza, zima ruhusa ya notifikesheni kwa saiti zote, wasitumie akaunti ya admini, ile yenye ruhusa zote za kompyuta, kwa kazi za kila siku, na kama wanatumia Edge washa ile kinga ya maonyo ya kutisha, ipo kwenye setingi. Wakishaliwa tayari, usianze na kwanini ulimpa namba. Hao watu wanafanya hii kazi kutwa nzima kwa skripti iliyojaribiwa, wanawapata mpaka wahasibu na walimu.

Naweza kumchezea tapeli ili nimpotezee muda?

Kuna watu wanafanya na video zao zinachekesha kweli, ila wana kompyuta za bandia, wanaficha IP na wanajua wanachofanya. Wewe ana namba yako, na ukishamkasirisha atakupigia kila saa au atawagawia wenzake. Kata, bloku, endelea na shughuli zako.